Kabla hatujaitwa Baba Paroko, tujifunze kuwa waajiri wema



Ndugu wasomaji, mwaka wa kichungaji unafundisha mambo mengi ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya darasani. Tulipotoka seminarini tulidhani tunakwenda kujifunza zaidi kuhubiri, kutembelea wagonjwa na kuandaa watoto wa Komunyo ya Kwanza. Hayo tulijifunza, na tunamshukuru Mungu. Lakini tuliporudi na kuketi pamoja ili kushirikishana, jambo lililojirudia katika masimulizi ya karibu kila mmoja wetu lilikuwa lingine kabisa: namna watu wanavyoongozwa kazini ndani ya parokia. Tunamsema mlinzi, mpishi, karani, dereva, mwalimu wa chekechea, mhudumu wa zahanati na katekista.

Mmoja wetu alipangiwa parokia ambayo hatutaitaja. Jioni moja alimsalimu mlinzi, mzee wa makamo ya baba zetu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, Frateri." Wakaongea. Mzee alikuwa ameilinda parokia ile kwa miaka 11. Frateri akamwuliza kama ana mkataba wa kazi. Mzee akacheka kidogo, akasema: "Mkataba? Mimi nimewapokea maparoko wanne, Frateri. Kila mmoja akija, naanza upya."

Paroko wa kwanza alimpa siku moja ya kupumzika kwa juma. Wa pili akaifuta. Wa tatu alimwongezea mshahara, akamwahidi kumwandikisha katika mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha akahamishwa kabla ya kutimiza ahadi. Wa nne hakujua lolote kuhusu ahadi hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtu mbaya. Mzee mwenyewe aliwasifu wote, kila mmoja kwa jambo lake. Ila maisha yake ya kazi yalitegemea moyo wa mtu aliyeletwa na barua ya uhamisho.

Mwenzetu mwingine alikuwa katika parokia ambako kila Jumatatu saa tatu asubuhi paroko huketi na watumishi wote saba. Wanasali, kisha kila mmoja anasema kazi yake imekwendaje, na paroko anasema wa mwisho. Kikao hakifiki saa nzima. Ni katika kikao hicho mpishi alipendekeza maharage yanunuliwe kwa gunia wakati wa mavuno badala ya kilo mbili mbili sokoni. Ni humo pia dereva alieleza kwa nini gari linakwenda gereji mara kwa mara: safari mbili za vigango zilipangwa siku moja kwenye barabara mbovu. Mambo hayo hayakuhitaji mtaalamu. Yalihitaji mtu wa kuyasikiliza.

Tunaandika haya kwa sababu wengi wetu, Mungu akipenda, tutapewa daraja takatifu katika miaka michache ijayo, na baada ya muda mfupi tutakabidhiwa funguo za ofisi. Siku hiyo tutakuwa wachungaji, na pia tutakuwa waajiri. Tunaona kwamba kwa sehemu hii ya pili hatujajiandaa vya kutosha.

Parokia ni mahali pa kazi

Tunajua jibu linalotolewa haraka: Kanisa si kampuni. Ni kweli. Kanisa ni Mwili wa Kristo, na parokia ni familia ya Mungu. Lakini katika familia hiyo wapo watu wanaoamka alfajiri kwenda kutafuta riziki, na riziki yao wanaipata kwa kufagia uwanja wa kanisa, kupika chakula cha mapadre na kuandika vyeti vya ubatizo. Kwao parokia ni nyumba ya sala siku ya Dominika na ni mahali pa kazi siku nyingine. Kuwaambia kwamba Kanisa si kampuni hakuwalipii ada za watoto wao.

Mama Kanisa mwenyewe ameliona jambo hili. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 1286, unawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wafuate kwa makini sheria za nchi kuhusu kazi na maisha ya kijamii wanapoajiri watu, na wawalipe wafanyakazi ujira wa haki unaotosha mahitaji yao na ya wale wanaowategemea. Kanuni ya 231 inaongeza kwamba walei waliojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa wana haki ya malipo yanayofaa, pamoja na kuangaliwa katika hifadhi ya jamii na matibabu. Hii ni sheria, wala haikuachwa iwe hisani ya paroko mwenye huruma.

Kwa upande wa nchi yetu ya Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haijaweka mlango wa pembeni kwa ajili ya parokia. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma. Inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, na mama anayejifungua siku 84. Inakataza kumwachisha mtu kazi bila sababu halali na bila kufuata utaratibu wa haki, na anayeonewa anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Michango ya hifadhi ya jamii nayo ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anachangia angalau nusu yake.

Tulipoyasoma haya kwa pamoja, baadhi yetu tulikiri kwamba ndiyo mara ya kwanza tunayasikia. Tumefundishwa sheria za ndoa hadi vipengele vidogo kabisa, na ni vema. Lakini mtu anaweza kufika kwenye daraja la ushemasi bila kujua kwamba mpishi wa parokia ana haki ya likizo.

Wataalamu wanasema nini

Katika somo la uongozi tumepitia nadharia kadhaa zilizotungwa na wataalamu wa viwanda na vyuo vikuu. Zipo zinazodharauliwa na wenzetu kwa kuwa ni "mambo ya dunia". Sisi tumeona zinatusaidia kujitazama.

Mwaka 1939 Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, pamoja na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White, walichapisha utafiti walioufanya Iowa, Marekani, juu ya vikundi vya wavulana wadogo waliokuwa wakitengeneza vitu kwa mikono. Viongozi wa vikundi hivyo waliongoza kwa mitindo mitatu. Wa kwanza uliamuru kila kitu, wa pili ulishauriana na watoto, na wa tatu uliwaachia wafanye wapendavyo. Chini ya kiongozi wa amri kazi ilikwenda, lakini alipotoka nje ya chumba ililegea. Katika kikundi cha kushauriana watoto waliendelea na kazi hata kiongozi asipokuwapo.

Nani kati yetu hajaona parokia ambayo paroko akienda likizo, ofisi inafungwa saa nne asubuhi? Tunawalaumu watumishi kwamba ni wavivu. Pengine tujiulize ni uongozi gani uliowazoesha kufanya kazi kwa kuogopa macho ya mtu.

Mwaka 1960 Douglas McGregor, katika kitabu chake kuhusu upande wa kibinadamu wa shughuli za uzalishaji, alieleza fikra mbili ambazo bosi anaweza kuwa nazo. Moja aliiita Nadharia X: kwamba watu kwa asili hawapendi kazi, hivyo lazima wasukumwe na kutishwa. Nyingine ni Nadharia Y: kwamba mtu akipewa nafasi na heshima, anaweza kujituma na kubeba wajibu. McGregor aliona kwamba imani ya bosi huzaa matunda yake yenyewe. Ukimtendea mtu kama mwizi kila siku, hutapata mtumishi mwaminifu, utapata mtu anayejifunza kujificha. Kwetu sisi tunaoamini kwamba mwanadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, swali si la saikolojia tu. Anayemtazama mfanyakazi wake kwa Nadharia X pekee ana tatizo la imani.

Paul Hersey na Ken Blanchard walileta mwaka 1969 wazo kwamba hakuna mtindo mmoja unaofaa kwa watu wote: mgeni kazini anahitaji kuelekezwa hatua kwa hatua, na mzoefu anahitaji kuaminiwa. Hapa Kanisa linaweza kutabasamu. Mtakatifu Gregori Mkuu, katika kitabu chake cha Kanuni ya Kichungaji alichokiandika mwishoni mwa karne ya 6, alitumia sehemu ndefu kueleza jinsi mchungaji anavyopaswa kuwaonya watu kwa namna tofauti: maskini tofauti na tajiri, mwenye huzuni tofauti na mwenye furaha, mwoga tofauti na mwenye kiburi. Na Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 3 ya Kanuni yake, anamwagiza abate awaite ndugu wote kila panapokuwa na jambo zito monasterini na asikilize ushauri wao, wakiwamo walio wadogo, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Abate ndiye anayeamua mwishoni, lakini haamui kabla ya kusikia.

Kwa hiyo tusijivune kwamba tunayo yote, wala tusione haya kwamba tunajifunza kwa wengine. Mengi yanayoitwa mapya yalikuwa nyumbani kwetu, tukayaacha yafunikwe na vumbi.

Utumishi usiwe kichaka cha kujificha

Nadharia inayopendwa kuliko zote katika semina za viongozi wa Kanisa ni ile ya uongozi wa utumishi. Robert Greenleaf aliyeieneza alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Aliandika insha yake mwaka 1970, akivutwa na riwaya ya Hermann Hesse kuhusu wasafiri waliokuwa na mtumishi aitwaye Leo. Leo alipotoweka, safari nzima ikasambaratika. Baadaye ikaja kujulikana kwamba yule mbeba mizigo alikuwa ndiye mkuu wa jumuiya yao.

Greenleaf hakuishia kwenye neno zuri. Aliweka kipimo: je, wanaohudumiwa wanakua kama watu? Je, wanakuwa wenye afya, hekima na uhuru zaidi, na wenyewe kuwa tayari kuwatumikia wengine? Na walio wanyonge kabisa wanapata nini? Kipimo kinaangalia aliyehudumiwa. Hakimwulizi kiongozi anajisikiaje.

Hapa ndipo tunapoona hatari kwetu. Neno "mtumishi" tumelizoea mno. Katika midomo yetu linaweza kugeuka kuwa cheo, tena cheo kisichohojiwa. Huyu ni mtumishi wa Mungu, nani atamwuliza hesabu? Aliyeosha miguu ya wanafunzi wake katika sura ya 13 ya Yohane hakuwatangazia kwanza kwamba yeye ni mtumishi. Alivua vazi, akajifunga kitambaa, akamimina maji. Na katika Injili ya Marko 10:42-45 aliwaonyesha Mitume jinsi wakuu wa mataifa wanavyowatawala watu kwa mabavu, akawaambia kwamba kwao isiwe hivyo.

Kuna na neno la pili linalohitaji uangalifu, nalo ni "kujitolea". Katekista wa kigango anayefundisha Jumamosi na kuongoza ibada Dominika kwa mapendo yake, huku akiwa na shamba lake, anajitolea kweli, na Kanisa letu Afrika limejengwa kwa jasho la watu kama huyu. Lakini yule anayeripoti ofisini kila siku asubuhi, anayetumwa, anayeandikiwa zamu na kukaripiwa akichelewa, huyo anafanya kazi. Kumpa bahasha ndogo mwisho wa mwezi na kumwambia kwamba Mungu atamlipa ni kumwachia Mungu deni letu. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya barua yake, anasema kilio cha wavunaji walionyimwa ujira kimeyafikia masikio ya Bwana. Papa Leo XIII aliliweka suala la ujira wa haki katikati ya waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891. Ingekuwa aibu tukiufundisha waraka huo darasani, halafu mpishi anayetupikia asiujue kwa matendo.

Nasi si wasafi

Tusije tukaonekana kwamba tunawanyoshea vidole mapadre wetu waliotulea. Wengi wao wanabeba parokia zenye vigango vingi, madeni ya ujenzi na simu zinazoita usiku. Sisi wenyewe tulipopewa nafasi kidogo tu, tulijiona.

Mmoja wetu alikiri mbele ya wenzake jambo hili. Siku za kwanza parokiani alimwambia mama mpishi, "Mama, naomba maji ya kunywa." Baada ya mwezi mmoja alikuwa anaita kutoka sebuleni, "Maji bado?" Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Ilitosha kwamba watu wazima walisimama alipoingia na kumpisha kiti cha mbele. Mwanzoni aliona haya, baadaye akaona ni kawaida, na mwishowe alikasirika kiti kisipokuwapo. Mama yule alikuwa na umri wa mama yake mzazi.

Ukleri hauanzi siku ya upadrisho. Mwongozo wa malezi ya kipadre uliotolewa na Vatikani tarehe 8 Desemba 2016 unaonya juu yake tangu seminarini. Unaanza pale tunapoiacha sahani mezani kwa sababu yupo wa kuiondoa. Unaanza pale kiongozi wa zamu ya usafi anapowagawia wadogo kazi ya vyoo na kujipangia kufuta madirisha ya kapela. Unaanza tunapofanya kazi za mikono kwa bidii Baba Gombera akipita, na kuegemea majembe akishapita. Hapo tunakuwa wale wavulana wa Iowa.

Tumkumbuke Rehoboamu katika 1 Wafalme sura ya 12. Wazee walimshauri awe mtumishi wa watu na kuwajibu kwa maneno mema. Akaufuata ushauri wa vijana waliokua pamoja naye, waliomwambia aongeze uzito wa kongwa. Makabila kumi yakaondoka. Sisi mafrateri ndio "vijana waliokua pamoja naye" wa maparoko wa kesho. Tunachoshauriana leo kwenye vibaraza vya mabweni ndicho tutakachokumbushana tukiwa na funguo mkononi.

Kwa wanaosema vinginevyo

Wapo wanaosema kwamba Kanisa si demokrasia, na kwamba kumwuliza mlinzi maoni yake ni kuvuruga mamlaka. Tunajibu kwamba kushauriana hakuondoi mamlaka. Musa hakupoteza kiti chake alipomsikiliza mkwewe Yethro katika Kitabu cha Kutoka sura ya 18, akawaweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Aliponyoka asichoke, na watu waliponyoka wasichoke pamoja naye. Manung'uniko ya wajane yalipotokea Yerusalemu, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume sura ya 6, Mitume waliwaita waamini wote, wakawaachia wachague watu saba, kisha wao wakawawekea mikono. Hawakuwanyamazisha walionung'unika. Na Hati ya mwisho ya Sinodi ya mwezi Oktoba 2024 imesisitiza uwazi, uwajibikaji na tathmini kwa wote wenye huduma ya uongozi katika Kanisa.

Wapo wanaosema kwamba padre akiwa mpole sana atapandwa kichwani. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake. Kuna mtumishi anayeiba sadaka, kuna dereva mlevi, kuna karani anayewatoza watu fedha za vyeti. Mtindo wa tatu wa Lewin, ule wa kuwaachia watu wafanye wapendavyo, nao ni kosa, na wakati mwingine tunauita upole wakati ni uvivu wetu wa kukemea. Lakini kukemea kuna utaratibu. Mtu aitwe, aelezwe kosa, asikilizwe, aonywe kwa maandishi, na ikibidi aachishwe kazi kwa kufuata sheria. Kumfukuza mtu mbele ya waamini baada ya misa kwa sababu paroko ameudhika si ukali, ni udhaifu wenye sauti kubwa.

Hoja nzito kuliko zote ni ya fedha: parokia ni maskini. Hatutaki kuipuuza. Tumeona parokia ambako kapu la Dominika halitoshi mafuta ya pikipiki. Lakini maandishi hayagharimu fedha. Kumwita mtu kwa jina lake hakugharimu. Kikao cha Jumatatu hakigharimu. Kumwambia ukweli kwamba fedha hazitoshi na kumwonyesha daftari hakugharimu. Na kama kweli parokia haiwezi kuwalipa watumishi watano kwa haki, iajiri watatu, na kazi iliyobaki tuifanye wenyewe. Padre akishika fagio hakivunjiki kitu.

Nchi yetu inalo funzo hapa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kuwa wajivuni na wakandamizaji kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi katika viwanda waliushika kwa furaha, wakawakabili mameneja wenye dharau, na migomo ikafuata. Maneno yalikuwa mazuri, lakini njia za kila siku za kusikilizana kazini hazikuwa zimekomaa, na serikali ikaishia kuwataka wafanyakazi warudi kwenye nidhamu. Kutangaza kwamba viongozi ni watumishi, bila kuweka taratibu zinazowafanya wawe hivyo, huamsha matumaini na kuyaacha barabarani.

Tunachopendekeza

Kwanza, kwa walezi wetu tunaomba kwa heshima kwamba kabla ya mwaka wa kichungaji tupate mafundisho mafupi ya sheria ya kazi, utunzaji wa daftari la fedha na namna ya kuendesha kikao. Wapo walei wanasheria na maofisa rasilimali watu katika parokia zetu ambao wangekuja kwa furaha wakialikwa. Na ripoti ya mwaka wa kichungaji isiandikwe na paroko peke yake. Aulizwe pia katekista, na aulizwe mpishi. Wao wanatufahamu upande ambao altareni hauonekani.

Pili, kwa parokia: kila mtumishi awe na barua yenye jina lake, kazi yake, saa zake, mshahara wake na likizo yake, na nakala ibaki katika faili la ofisi. Paroko akihamishwa, makabidhiano yajumuishe watumishi na haki zao, kama yanavyojumuisha gari na kalisi. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la masuala ya uchumi. Basi mishahara na michango ya hifadhi ya jamii iwe ajenda ya kudumu katika vikao vyake, isiwe siri ya paroko na mhasibu.

Tatu, kwa waamini wetu wapendwa: mlinzi wa parokia analipwa kwa zaka na sadaka zenu. Tunapopanga harambee ya mnara wa kanisa, yeyote katika jumuiya ndogo ndogo ana haki ya kuuliza kwa adabu kama wanaolala nje wakiulinda mnara huo wamelipwa. Swali hilo si uasi. Ni sehemu ya kulipenda Kanisa.

Nne, kwa sisi mafrateri: tuanze hapa. Tuyajue majina ya watu wote wanaofanya kazi katika seminari hii, wa jikoni, wa zizini na wa getini. Tuwasalimu kwanza. Tuondoe sahani zetu. Anayepewa uongozi wa zamu ajipangie kazi ambayo wengine wanaikimbia.

Mzee yule mlinzi, siku mwenzetu alipokuwa anaaga, alimbebea begi hadi kituo cha basi, ingawa alizuiwa. Kabla basi halijaondoka alimwambia: "Ukishakuwa Padre, usisahau kutuandika." Hakuomba mshahara mkubwa. Aliomba kuandikwa, ili paroko wa tano akija asianze upya.

Tumwombe Kristo Mchungaji Mwema, ambaye kondoo wake anawaita kila mmoja kwa jina, atujalie tusiwasahau. Na ninyi wasomaji wetu, mkituona siku moja tumeketi katika ofisi ya parokia na hatujafanya haya, tukumbusheni kwamba tuliyaandika wenyewe.